Pini Tisa, Pini Kumi na Tano: Joistiki za Zamani kwenye Meza za Mafundi wa Bukavu

Joistiki ya Atari ya mwaka 1978 inaingia sawasawa kwenye tundu la siriali lililo nyuma ya kompyuta ya ofisi ya mwaka 2002. Pini tisa zinapokelewa na vitobo tisa, plagi inakaa bila kulazimishwa, na anayetazama kwa macho tu ataapa kwamba viwili hivi vilitengenezwa viishi pamoja. Kumbe upande mmoja kuna swichi tano zinazosubiri volti 5 zilizotulia, na upande wa pili kuna mawasiliano ya RS-232 ambayo volti zake hupanda hadi 12 chanya na kushuka hadi 12 hasi. Havitaelewana. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika kwingine, na vifaa vyake vya pembeni huja vimechanganywa na vya mashine nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la nini kinaingia wapi halijaachiwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Linamkabili fundi wa Nyawera anayeletewa kitu na mteja, na mwalimu wa Kadutu aliyepewa kisanduku cha msaada.

Niseme wazi ninachoamini. Wengi huanzia mwisho: wanatafuta adapta, wanaikosa, wanaitupa joistiki. Pa kuanzia ni kulisoma tundu lenyewe. Matundu ya zamani yana sifa ambayo vifaa vya leo vimeipoteza: mtu mmoja mwenye mita na daftari anaweza kuyaelewa yote, pini kwa pini, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Na anayeyaelewa hapati mchezo peke yake. Anapata kifaa cha kupimia ambacho shule zetu nyingi hazina.

Tuone kwanza vitu hivi vilitufikiaje. Ulaya na Marekani, joistiki iliingia majumbani pamoja na kompyuta za miaka ya 1980: Commodore 64 na ZX Spectrum za mwaka 1982, Amstrad CPC ya 1984, Amiga na Atari ST za 1985. Ukanda wetu kwa sehemu kubwa ulipitwa na zamu hiyo. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Zaire, jina la Kongo wakati huo, ilikuwa ikizama katika mfumuko wa bei, na uporaji wa 1991 na 1993 ukasomba hata vile vichache vilivyokuwa maofisini. Ndiyo maana joistiki ya zamani inayoonekana leo Ibanda au Bagira kwa kawaida hakuna aliyeirithi kwa baba yake. Imekuja baadaye, ndani ya kontena lililopakiwa Ulaya, ikapitia Mombasa au Dar es Salaam, kisha Kigali na mpaka wa Ruzizi. Au imo katika mzigo wa parokia na shule rafiki za Ubelgiji. Imekuja bila mashine yake na bila kitabu chake.

Jambo hili lina matokeo ambayo maandishi mengi ya Kiingereza hayayaoni. Maandishi hayo yanamfikiria mtu mwenye Atari au Commodore, kwa sababu ndizo zilizotamba Marekani. Lakini mizigo yetu hutoka nchi nyingine. Uholanzi na Ubelgiji walinunua MSX za Philips. Ufaransa ilijaa Amstrad, na mwaka 1985 serikali yake ilisambaza kompyuta za Thomson mashuleni kwa maelfu. Hivyo fundi wa Bukavu anayefuata mchoro wa Atari bila kupima ana nafasi kubwa zaidi ya kukosea kuliko mwenzake wa Chicago, na sababu ni safari ya mizigo tu.

Mzizi wa familia ya pini tisa ni mashine ya Atari VCS iliyotoka Marekani Septemba 1977. Joistiki yake haina akili yoyote ndani. Pini ya 1 ni juu, ya 2 chini, ya 3 kushoto, ya 4 kulia, ya 6 kitufe cha kufyatulia, ya 8 ardhi. Kompyuta huushikilia kila waya kwenye volti 5 kupitia rezista. Ukisukuma kijiti, waya mmoja unagusana na ardhi, na kompyuta inauona umeanguka hadi sifuri. Basi. Pini ya 7 inabeba volti 5 kwa vifaa vinavyohitaji umeme, na pini ya 5 na ya 9 zimetengwa kwa vile vidude vya kuzungusha kwa vidole, ambavyo hubadilisha upinzani badala ya kufunga na kufungua. Commodore waliufuata mpangilio huu, Amiga na Atari ST nazo vilevile. Joistiki ya kitufe kimoja inahama kati ya mashine hizo bila kuguswa waya hata mmoja.

Hata ndani ya familia hiyo kuna tabia za kujua. Kwenye Commodore 64, tundu la kwanza linatumia nyaya zilezile za kibodi, zote zikiishia kwenye chipu moja ya 6526. Ukisukuma kijiti huku ukiandika programu, herufi na namba zinajiandika zenyewe kwenye skrini, na asiyejua atadhani kibodi imekufa. Dawa ni kuhamia tundu la pili, ambalo ndilo michezo mingi ililitumia. Chipu hiyohiyo haivumilii umeme tuli. Pini za tundu ziko wazi, na kidole kilichotoka kusugua nguo ya sufi wakati wa kiangazi kinaweza kuiua kwa mguso mmoja. Zima mashine kabla ya kuchomeka, gusa chuma kilichoungwa na ardhi, ndipo uendelee.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wale wanaofanana na familia hii sura tu. Chukua joistiki ya vitufe viwili ya MSX. Mishale minne iko pini zilezile, kitufe cha kwanza kiko pini ya 6, kitufe cha pili pini ya 7, na waya wa pamoja uko pini ya 8. Ukiichomeka kwenye Commodore, kijiti kinafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mchezaji anabonyeza kitufe cha pili. Kitufe hicho kinaunganisha pini ya 7, ambayo kwenye Commodore ni volti 5, moja kwa moja na pini ya 8, ambayo ni ardhi. Ni shoti tupu. Amstrad CPC iko hivyohivyo: kimoja cha vitufe vyake kiko pini ya 7. Kwa maneno mengine, kifaa kinaweza kupita jaribio la kwanza, la pili na la tatu, kisha kiunguze fyuzi au saketi kwenye jaribio la nne, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubonyeza kila kitufe mita ikiwa mkononi.

Spectrum ilizaliwa bila tundu la joistiki, ndiyo maana watu walinunua kadi ya pembeni, na ile ya Kempston ikawa ndiyo kawaida. Amstrad ilipoinunua biashara ya Sinclair mwaka 1986 ikatoa Spectrum +2 yenye matundu mawili ya pini tisa, lakini nyaya zake zikapangwa upya kabisa ili wateja wanunue joistiki za kampuni yenyewe. Hapo hakuna kinachoungua. Kinachopotea ni muda wa fundi. Pedi ya Sega Mega Drive ni jambo lingine. Inapokea umeme kwenye pini ya 5 na kuisikiliza mashine kwenye pini ya 7, na ndani ina chipu inayochagua ni kundi gani la vitufe lisomwe. Ukiiweka kwenye Commodore 64, chipu hiyo inapata umeme kwa mlango usio wake na inaweza kusukumana na chipu ya kibodi. Wapo waliocheza hivyo miaka mingi bila tatizo. Mimi siishauri, kwa sababu chipu ya 6526 haitengenezwi tena na hapa kwetu haina mbadala wa karibu.

Wapo pia wageni wanaojulikana zaidi Afrika Mashariki kuliko hao wote: pedi za mashine za televisheni za miaka ya 1990, zile nakala za Famicom zilizotengenezwa Taiwani na China na kuuzwa kila soko kuanzia Mombasa hadi maziwani. Nyingi zina plagi ya pini tisa, nyingine ya pini kumi na tano. Ndani yake kuna chipu inayokusanya vitufe vinane na kuvitoa kimoja baada ya kingine kwenye waya mmoja, kila mashine inapoupiga mdundo. Hazina uhusiano na Atari wala na kompyuta ya IBM. Nazitaja kwa sababu ndizo zinazomjia fundi wa Kadutu mara kwa mara, na kwa sababu zinafundisha vizuri kuliko mfano wowote kwamba plagi haisemi chochote kuhusu kilicho ndani yake.

Basi hupimwaje? Weka mita kwenye mlio wa mgusano. Shika ncha moja kwenye pini ya 8, pitisha nyingine kwenye pini zote huku mtu wa pili akisukuma kijiti pande nne na kubonyeza kila kitufe. Andika kinacholia. Kisha hamisha ncha ya kwanza pini ya 9, rudia. Kisha pini ya 7. Katika dakika chache unakuwa na ramani ambayo hakuna kitabu kilichokupa. Kisichopiga mlio popote, lakini kinaonyesha upinzani unaobadilika polepole kijiti kikisogea, ni joistiki ya analogi. Kisichoonyesha mgusano wala upinzani unaobadilika kina chipu ndani, na hicho usikipe umeme kabla ya kukifungua.

Kufungua kwenyewe kunafaa kila mara. Skrubu chache chini, kifuniko kinatoka, na ndani ya joistiki ya aina ya Atari unakuta bodi ndogo yenye vikombe vitano vyembamba vya chuma, kila kimoja kama tumbo la kifuniko cha chupa, vimeshikwa kwa karatasi yenye gundi. Kijiti kikibonyea, kikombe kinapinduka na kugusa shaba iliyo chini yake. Hewa ya mji huu, ulio kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari na mvua zake za Septemba hadi Mei, huiwekea shaba hiyo utando wa kijani. Kifutio cha penseli na pamba yenye spiriti vinaurudisha mgusano kwenye hali yake. Mara nyingi tatizo lililoletwa kama "tundu limekufa" huwa limeishia hapa, au kwenye waya uliokatika ndani ya ganda la plastiki pale kebo inapoingia kwenye boksi, mahali ambapo watoto wameuvuta kwa miaka.

Waya ukibadilishwa, risasi ya kulehemu nayo ina neno. Vifaa vya wakati huo viliungwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, takriban 60 kwa 40, unaoyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 za Selsiasi. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vipya kuanzia Julai 2006, na waya mpya usio na risasi unataka nyuzi 217 kwenda juu, joto ambalo linaweza kuinua shaba ya bodi dhaifu ya mwaka 1983. Tumia ya aina ileile ya zamani kwa kifaa cha zamani, fungua dirisha, nawa mikono. Bati hiyo, nikumbushe, huchimbwa kwetu. Mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, katika wilaya ya Kalehe, uliteuliwa mwaka 2012 kuwa mahali pa kuanzia mpango wa kimataifa wa kufuatilia bati isiyotokana na vita. Wanaolipasua jabali la Kivu Kusini ili dunia ilehemu vifaa vyake wanastahili kuwa na watoto wanaojua kulehemu, na silioni hilo kuwa ombi kubwa.

Twende kwenye pini kumi na tano, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye utajiri wenyewe. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 iliuza pia kadi ya michezo. Tundu lake halisomi swichi tu, linasoma upinzani. Ndani ya joistiki kuna potenshiometa mbili za omu 100,000, moja kwa kushoto na kulia, nyingine kwa mbele na nyuma. Kompyuta haikuwa na kifaa cha kupima volti, na kifaa hicho kilikuwa ghali. Wahandisi wakapima muda badala yake. Programu inaandika chochote kwenye anwani ya 201 ya heksadesimali. Chipu ya 558 inawasha saa zake nne. Kapasita inajaa kupitia potenshiometa. Ikijaa, biti inashuka hadi sifuri. Upinzani mkubwa, muda mrefu. IBM wenyewe waliandika kanuni: maikrosekunde 24.2, jumlisha 0.011 kwa kila omu moja. Kijiti kikiwa mwisho mmoja ni maikrosekunde 24, kikiwa katikati ni 574, kikiwa mwisho mwingine ni 1,124. Biti nne za chini ni mihimili minne, biti nne za juu ni vitufe vinne. Hakuna kitu kingine cha kujua.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Programu ilihesabu mizunguko huku ikisubiri biti ishuke, kwa hiyo kompyuta ya kasi kubwa ilihesabu namba kubwa kwa kijiti kilekile. Ndiyo asili ya skrini zile za kuchosha zilizomtaka mchezaji asukume pembe moja kisha nyingine kabla ya kuanza. Kisha kadi za sauti, kuanzia Sound Blaster ya 1989, zikalibeba tundu hili na kuligeuza pia kuwa la ala za muziki za MIDI, kwa kunyang'anya pini ya 12 na ya 15. Tundu likaingia kwenye bodi kuu, likakaa hadi katikati ya miaka ya 2000. Mashine nyingi za Pentium 4 zinazouzwa bado kwenye vibanda vyetu zinalo, na wenye nazo hawajui. Mara nyingi limezimwa tu kwenye mipangilio ya BIOS; liwashe kwa anwani 201.

Kabla ya kuchomeka, hakikisha ni lenyewe. Kadi za zamani za mtandao zilikuwa na tundu la AUI lenye umbo lilelile, pini kumi na tano katika safu mbili, nalo hubeba volti 12. Dalili yake ni kishikio cha chuma kinachoteleza pembeni badala ya skrubu mbili. Tundu la skrini la VGA nalo lina pini kumi na tano, lakini ziko safu tatu na ni dogo. Hilo halimdanganyi mtu.

Sasa fikiria tundu hili bila joistiki. Linapima upinzani wowote kati ya sifuri na omu 100,000 kwa njia nne kwa wakati mmoja, na lina maingizo manne ya swichi. Rezista inayobadilika kwa joto, ile inayouzwa kama kipuri cha mashine za kuchapa za pande tatu, ina omu 100,000 kwenye nyuzi 25. Iunge kati ya pini ya 1, yenye volti 5, na pini ya 3. Rezista inayobadilika kwa mwanga iunge kati ya pini ya 1 na ya 6. Umepata kipimajoto na kipimamwanga vinavyoingia kompyuta bila kununua chochote kingine. QBasic, iliyokuja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991, ina amri iliyotengenezwa kwa ajili ya joistiki: PRINT STICK(0). Mstari huo mmoja unaleta namba. Mwalimu wa fizikia anaweza kuiweka ndani ya mzunguko, akachora grafu ya maji yanayopoa, na darasa zima likaiona kanuni ya kupoa ikichorwa mbele yake.

Sehemu nzuri kuliko zote ni kusawazisha namba hizo na joto halisi. Maji ya vuguvugu, yakipimwa kwa kipimajoto cha kawaida, yanatoa pointi ya kwanza. Maji yanayochemka yanatoa pointi ya pili, na hapa mwanafunzi wa Bukavu ana somo ambalo mwenzake wa Mombasa hana: kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, chini ya 100 ya kitabuni. Akiandika 100, jedwali lake lote litapinda. Nimeona wanafunzi waliofaulu mtihani wa fizikia wasiamini hili mpaka walipolipima. Wanaosomea ualimu katika chuo cha ISP Bukavu wangefanya vizuri kulichukua jaribio hili kwenda nalo vijijini, ambako kompyuta moja iliyochoka ndiyo maabara yote.

Kuna masharti. Jaribio hili linataka DOS halisi au FreeDOS kutoka kwenye diski, kwa sababu Windows XP na ndugu zake haziruhusu programu ya kawaida kuligusa tundu moja kwa moja. Kadi za ISA ndizo zinazokubali bila maneno. Za PCI nyingine zinataka programu ya kuziamsha. Na umeme wetu, hata ukitoka karibu kama kwenye mitambo ya Ruzizi, hukatika katikati ya vipimo. Hifadhi namba kwenye faili kila baada ya dakika moja.

Vipi kuhusu anayetaka kinyume chake, yaani joistiki ya zamani kwenye kompyuta ya sasa? USB ilitangazwa mwaka 1996, na Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ikaondoa kabisa uwezo wa kutumia joistiki za tundu la michezo. Tangu hapo njia zimebaki chache. Adapta ya dukani ya pini kumi na tano kwenda USB inafaa kwa joistiki rahisi za analogi, na ukiipata usiidharau. Mwenye Linux na kompyuta yenye tundu la printa ana njia iliyosahaulika: kiini cha Linux bado kinabeba draiva za db9 na gamecon, zinazosoma joistiki za pini tisa, pedi za Sega na hata zile za Famicom kupitia tundu la pini 25. Kinachohitajika ni plagi, waya, na kwenye baadhi ya bodi rezista chache za kuinua volti. Ni kazi ya mchana mmoja, na vipuri vyake vinatoka kwenye printa zilizokufa.

Njia ninayoipendelea, hata hivyo, ni bodi ndogo ya Pro Micro yenye chipu ya ATmega32U4. Usichanganye na Arduino Uno ya kawaida, ambayo chipu yake kuu haiongei USB yenyewe. Joistiki ya pini tisa inaungwa moja kwa moja: nyaya tano kwenye pini tano, ardhi kwa ardhi, na rezista za ndani za chipu zinafanya kazi ileile iliyofanywa na Atari. Ya analogi inadai kufikiri kidogo. Potenshiometa zake zimeungwa miguu miwili tu kati ya mitatu, kwa hiyo bodi inayopima volti haioni kitu mpaka uongeze rezista ya omu 100,000 kwenda ardhini. Ukifanya hivyo, mwisho mmoja utasoma 1,023, mwisho mwingine 512 hivi, na katikati utasoma 682, wakati nusu ya njia ilipaswa kuwa 767. Ndege kwenye skrini itainama upande mmoja na mteja atasema joistiki ni mbovu. Rekebisha kwa hesabu ndani ya programu, au fungua boksi na uuunge mguu wa tatu wa potenshiometa kwenye ardhi, ili iwe kigawanyi kamili. Mimi huchagua la pili pale ninapofika kwa chuma cha kulehemu, kwa kuwa linamaliza tatizo pale lilipoanzia.

Zipo ambazo singempotezea mteja fedha zake. Joistiki za Microsoft za SideWinder zenye mawasiliano ya kidijitali zina plagi ya pini kumi na tano, lakini hutuma data kwa itifaki yake zenyewe, na adapta rahisi hazizielewi. Wapo waliozitafsiri kwa maikrokontrola, na kazi yao ni ya kusifiwa, ila kwa mtu wa hapa anayetaka kurusha ndege katika mchezo wa FlightGear, kijiti cha analogi cha bei ya chini kitamfikisha haraka zaidi. Vilevile zile zinazotetemesha mkono kwa mota: zinataka umeme wake zenyewe, na kifaa chake cha umeme ndicho huwa cha kwanza kupotea njiani.

Pro Micro hiyo ina jambo moja zaidi, nalo ndilo linalonifanya niviombee vijiti hivi visitupwe. Inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki, na inaweza pia kujitambulisha kama kibodi. Juu, chini, kushoto, kulia na kitufe vinageuka mishale minne na kitufe cha kukubali. Mtoto ambaye vidole vyake haviwezi kulenga kibodi anaweza kuchagua herufi kwenye skrini kwa kijiti kilichotengenezwa kivutwe na kupigwa na watoto kwa miaka bila kuvunjika. Na kama hata kijiti ni kigumu kwake, kitufe kinatolewa nje kwa waya mrefu na kuwekwa chini ya kiwiko au kisigino. Swichi yoyote inatosha, hata ya kengele ya mlango, mradi iungwe kati ya pini ya 6 na ya 8.